Sifuri Kumi na Nne

Mwende,

Mambo ya sweta, ya chaja na ya dawa za malaria sitayaandika hapa. Nimeyasema tangu Jumapili mpaka ukaniambia, "Mami, naenda Tseikuru, siendi mwezini." Ya Bi Halima utakayekaa kwake nayo tumeyamaliza. Nimeongea naye kwa simu mara mbili, na mara ya pili akaniambia, "Mama Mwende, mtoto wako ni wangu, mlete tu, lakini mwambie kwetu watu wanaamkia mifugo, hawaamkii simu." Nilicheka peke yangu nikajua utakuwa mahali pazuri.

Haya ni mengine. Ni saa tisa alasiri, niko jikoni, na wewe umeenda kumuaga Susu Nthenya, nyanya yetu wa jirani. Susu hana neno fupi, kwa hivyo nina mpaka saa kumi na mbili. Nimefunga mlango kwa komeo kama mwizi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Asubuhi uliniuliza tena kama ile rejista ya zamani ya mwethya, kikundi chetu cha kazi, ingalipo. Ulitaka kuipiga picha uwaonyeshe vijana wa Tseikuru kwamba vijana wa kijijini kama wao waliwahi kusimama. Nikakwambia ililiwa na mchwa. Mchwa wa watu hawana hatia. Rejista iko hapa mezani mbele yangu, imefungwa kwa leso, na miaka yote hii imekaa chini ya sanduku langu la nguo. Kesho utaikuta chini kabisa ya begi lako, na barua hii ndani yake. Nitakwambia mlangoni usifungue mpaka Emali. Nakujua, utakuwa umefungua kabla gari halijatoka Kalamba. Haidhuru.

Kuna kitu hukujua. Mwezi jana ulipozungumza na vijana pale mjini Wote, nilikuja. Nilisimama nyuma, karibu na wauza miwa, nimejifunika leso usinione. Ulishika kipaza sauti ukasema, "Mimi naitwa Mwende. Nimepewa jina la msichana wa kijiji chetu aliyesimamisha lori la mahindi ya mwolyo akiwa na miaka ishirini, na mpaka leo hajarudi. Na mama yangu alikuwa naye pale barabarani!" Vijana wakapiga mbinja. Halafu ukasema, "Na kila kijiji kina Musyoka wake, mtu wa kuuza wenzake! Mjueni Musyoka wenu mapema!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi, Mwende. Mikono hii inayoandika ilipiga makofi.

Sikuwa barabarani siku ile. Na Musyoka hakumtaja mtu yeyote.

Nimeyaandika hayo mawili haraka nisije nikayazunguka tena. Sasa nikueleze.

Mwethya mnaoujua ninyi ni wa simu. Mwenyekiti anaandika kwenye grupu, watu wanajibu kwa vidole gumba, na nusu yao hawatokei. Wa kwetu ulikuwa na rejista. Kila Jumatano saa mbili asubuhi tulikutana kwenye shamba la mmoja wetu, kila mtu na jembe lake, kuchimba matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, ili mvua ikija isiondoke na shamba la mtu. Kabla jembe halijagusa chini, karani anaita majina. Ukiwepo unapigwa msalaba. Usipokuwepo unapigwa sifuri, na wiki inayofuata unachimba pande lako na lile uliloacha. Kila mtu alipimiwa pande lake kwa hatua sita, na hakukuwa na cha kuchimbiana.

Karani nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu, na majivuno ya kutosha tarafa nzima. Kitabu changu hakikuwa na doa wala mkwaruzo. Na karani hajiiti jina lake. Anayeita wenzake si yuko? Ndiyo maana ukikipekua kitabu hiki kurasa zote, hutalikuta jina Kanini popote ila kwenye jalada.

Mwende wa kwanza, nimwite hivyo tusichanganyikiwe, alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tulitumia daftari moja, yeye anaandika mbele, mimi nyuma. Alikuwa na pengo la meno ya juu na alitembea kama anayechelewa kitu. Kuchimba hakujua, alikuwa anaongea sana. Lakini akisema jambo watu waliweka jembe chini wakasikiliza, na hapo wewe umemrithi ingawa hamna damu moja.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa mara mbili. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa juzi juzi tu, na chifu wa siku hizo alikuwa na hesabu yake kuhusu nani wa chama gani. Mwolyo, chakula cha msaada, kilifika kwenye stoo ya shule, na sisi ambao baba zetu hawakuwa na kadi ile inayotakiwa tuliambiwa kimeisha. Lakini kila mtu aliona magunia yakitoka kwa mlango wa nyuma, kwenda kwenye duka la mfanyabiashara mmoja. Lori lingekuja Jumatano kuchukua mengine.

Jumanne Mwende alinikuta mtoni nachota maji kwenye mchanga. Alikuwa na wenzetu wanne.

"Kanini, kesho tunakaa barabarani," akasema. "Hatupigi mtu, hatugusi gunia. Tunakaa tu mpaka dereva arudishe mahindi shule. Sisi kumi na wanne, na wewe wa kumi na tano."

"Kesho ni mwethya," nikamwambia.

"Si ndio maana? Kila mtu anajua Jumatano tuko kwa shamba. Wewe pita kwanza pale, ita majina, utupige misalaba wote, halafu utufuate. Watakaokuwepo ni wale mama wazee, na hawasomi. Kitabu kikisema tulikuwa kwa shamba, tulikuwa kwa shamba."

"Huo ni uongo, Mwende."

"Ni wino tu! Wewe nawe na wokovu wako."

Nilikuwa nimeokoka miezi miwili. Nilimwambia sawa, nitakuja. Lakini aliona uso wangu, akawageukia wale wengine akasema, "Mwacheni Kanini. Akae na kalamu yake." Wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha vijana. Nilikibeba mpaka nyumbani pamoja na maji.

Asubuhi nikaenda shambani. Walikuwepo mama wazee sita na majembe yao. Nikaita majina. Nikaita la kwanza, kimya. La pili, kimya. Wale mama walinitazama usoni, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi.

Nimejiuliza miaka yote hii ni kitu gani kilinishika pale. Nimewahi kujiambia ni wokovu, kwamba pasta alitufundisha uongo ni uongo hata kwenye karatasi. Nimewahi kujiambia ni hofu, kwamba nikiandika uongo na ukajulikana nitafungwa nao. Yote yapo. Lakini chini kabisa kulikuwa na kitu kidogo cha aibu, nacho ni kicheko cha mtoni. Alisema nikae na kalamu yangu. Basi nikakaa nayo. Nilipiga sifuri kumi na nne, safi, zinalingana, utaziona mwenyewe.

Halafu sikuwafuata. Nilishika jembe nikaingia mtaroni na wale mama. Kuimba kulisikika kutoka barabarani mpaka karibu saa sita, na sauti ya Mwende ilikuwa juu ya zote. Siku hiyo nilichimba vizuri kuliko siku zote za maisha yangu.

Walishinda, unajua. Hilo ni kweli, endelea kulisema. Dereva aligeuza lori, magunia yakarudi shule, hawakuchukua hata punje. Mwende alikuja mbio kwetu na vumbi mpaka kwenye kope, akanikumbatia. Hakuniuliza kwa nini sikufika. Aliuliza tu, "Uliandika tulikuwepo?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Nilikusudia kurekebisha jioni. Lakini jaribu wewe kugeuza sifuri iwe msalaba bila kuonekana. Ingebidi nifute, nikwaruze, kitabu kichafuke. Nikasema nitafikiri kesho. Uone mambo ambayo mtu anaweza kuyathamini, Mwende. Nilithamini usafi wa ukurasa.

Alhamisi walimchukua Musyoka. Dereva alimtambua kwa sababu ndiye aliyesimama mbele kabisa ya lori, na alikuwa mrefu kuliko wote. Ijumaa chifu akaja kwetu. Aliketi kwa upole, akanywa chai ya mama yangu, akasema amesikia hapa kuna karani hodari na angependa kuona kazi ya mwethya. Nikaenda chumbani nikaleta kitabu. Nilimpa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mtu mkubwa kitu.

Akafungua ukurasa wa Jumatano. Akatoa kalamu na kikaratasi mfukoni.

Hapa ningeweza kukwambia sikujua anafanya nini, na ungeniamini. Nilijua. Niliiona kalamu yake ikisimama kwenye kila sifuri. Alipomaliza alisema, "Asante binti. Kitabu safi sana." Na moyoni mwangu, Mungu anisamehe, kuna kipande kidogo kilichofurahi.

Tangu chifu aondoke mpaka polisi walipokuja ilipita karibu siku nzima. Kwao Mwende kulikuwa ng'ambo ya korongo, dakika kumi kwa miguu. Nilitoka. Nilifika korongoni, nikasimama, nikawaza ataniuliza nimejuaje. Nikarudi. Mama aliniuliza nilikuwa wapi nikamwambia nilikwenda kutafuta kuni. Sikuwa na kuni, na hakuniuliza tena.

Jumamosi alfajiri Landrova ilipita nyumba kumi na tatu. Na Musyoka wakawa kumi na wanne. Baada ya wiki tatu walianza kurudi, mmoja mmoja, wengine wanachechemea, wengine hawataki kuguswa begani. Musyoka alirudi. Wote walirudi ila Mwende. Chifu alisema aliachiliwa pale barabara ya Mombasa na huenda alipanda gari la mtu, wasichana wa siku hizi unawajua. Mama yake, Susu Nthenya, alienda kituo baada ya kituo kwa mwaka mzima, na kila mahali walimwambia hilo jina hawana.

Sasa watu wakataka kujua ni nani aliyetoa majina. Musyoka ndiye aliyechukuliwa wa kwanza, siku mbili kabla ya wengine, kwa hivyo ni yeye. Hesabu rahisi. Aliapa, akalia, hakuna aliyemsikia. Siku moja akanikuta dukani, watu wamejaa. Alikuja mpaka mbele yangu.

"Kanini, wewe ndiye karani," akasema. "Waambie hawa watu kitabu kiliandika nini siku ile. Kama kiliandika hatukuwepo, basi majina walitoa humo. Waambie tu. Sitakulaumu."

Sitakulaumu. Alilisema mbele ya watu wote.

Nikasema, "Kiliandika mlikuwepo wote."

Hakubisha. Akatazama chini kwenye viatu vyake, akatoka. Siku ya kudanganya nilikuwa nimesema kweli, na siku ya kusema kweli nikadanganya, na kila mara aliyelipia alikuwa mwingine.

Mwezi haukuisha Musyoka akahamia Emali. Ni fundi wa pancha, karibu na stesheni. Mama yake alipofariki, wewe ulikuwa darasa la tatu, mwethya haukwenda kuchimba kaburi. Unajua kwetu maana yake ni nini. Kaburi la mama yake alilichimba yeye na wanawe wawili, kutwa nzima, na majirani wamekaa majumbani wanasikia jembe. Mimi ndiye niliyekuwa naita majina wiki hiyo. Ningeweza kusema neno moja tu watu wakaenda. Umewahi kujiuliza kwa nini soko la Emali nakutuma wewe, na mimi naenda Wote ambako ni mbali zaidi? Ni kwa ajili hiyo.

Nilipofungua rejista mpya mwaka uliofuata, niliruka jina la Mwende. Nilidhani nawahurumia watu. Nilipomaliza kuita, Susu Nthenya akasimama.

"Karani, umeruka mtu."

Kanuni ilikuwa inajulikana, jina hutoka kitabuni kwa kifo au kwa kuolewa mbali.

"Mwende ameolewa?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Amekufa? Kuna aliyeona kaburi?"

Watu wakatikisa vichwa.

"Basi soma."

Nikasoma. Na yeye mwenyewe akaitika, "Yuko njiani." Kisha akachimba pande lake, na akahamia la mwanawe, akachimba hatua sita nyingine.

Umesikia jibu hilo tangu ukiwa mgongoni mwangu. Umeliweka kwenye hotuba zako, na watu hulia ukilisema. Wewe unasikia mapenzi ya mama. Mimi nasikia ule muda mfupi kati ya sauti yangu na yake, nikishaita na yeye hajaitika. Kila Jumatano naingia humo. Kila Jumatano nadhani safari hii ataitika mwenyewe, kutoka nyuma ya watu, na vumbi kwenye kope, na ataniuliza niliandika nini.

Wewe ulipozaliwa, siku ya tatu, siku ya jina, nyanyako mzaa baba alikuwa amejitayarisha kabisa, maana binti wa kwanza ni wake, hiyo ni mila. Susu Nthenya akaja na kibuyu cha uji, akakaa, akakuchukua. Akasema, "Kanini, sijawahi kukuomba kitu. Nipe jina la mtoto wangu katika hii nyumba." Nyanyako alinuna mwaka mzima. Baba yako, Mungu amlaze pema, aliniuliza kwa nini nimekubali upesi hivyo. Ningekataaje? Na tangu siku ile, nikikuita uje ule, namwita yeye. Nikikugombeza, namgombeza yeye. Umewahi kuniambia, "Mami, mbona ukiniita hivi unashtuka mwenyewe?" Sasa umejua.

Ulikuwa na miaka mitano siku ile nitakayokueleza. Tulikuwa shambani, ukicheza na udongo. Nikaita majina. Nikafika, nikasema, "Mwende wa Nthenya." Na kabla Susu hajafungua mdomo, wewe ukaruka juu mkono hewani ukapiga kelele, "Niko!"

Watu walicheka, kisha wakaacha. Susu aliweka jembe chini. Akaja taratibu mpaka ulipo, akakushika kidevu, akakutazama. Akasema, "Si wewe, mama. Wewe bado."

Sijui alimaanisha nini na sijawahi kumuuliza. Lakini tangu ulipoanza kwenda kwenye maandamano, tangu siku ulipokuja nyumbani sauti imekauka na macho mekundu kwa moshi, nimekuwa nikiyasikia maneno hayo mawili mchana kweupe, nikiosha vyombo, nikilisha kuku. Wewe bado.

Usifikiri nakuzuia. Ningetaka kukuzuia ningekwambia haya mwaka jana. Nenda. Huko Tseikuru muwaandikishe vijana kura, muwafundishe kuuliza bajeti ya kaunti ilienda wapi, simameni mkizomewa. Uwe na ujasiri ambao mimi niliuacha korongoni. Najivunia wewe mpaka nakosa usingizi, na nakuogopea mpaka nakosa usingizi, na siku hizi sijui ni lipi linaloniamsha.

Ila kuna daftari lako lile jeusi. Nililifungua juzi ulipokuwa unaoga, nisamehe, mimi ni mama. Majina ya watu thelathini na wawili, namba za simu, kijiji anachotoka kila mmoja. Mwandiko mzuri. Ni mwandiko wangu huo, Mwende, mpaka mkia wa herufi ye. Nililifunga nikakaa kitandani kwako mpaka nikasikia maji yamekoma. Sitakwambia ulichome, wewe ndiye unayejua kazi yako. Nakuomba tu siku moja ulishike ukijiuliza mtu mpole akija, akanywa chai, akaomba kuliona, litasema nini. Kitabu hakijui nani rafiki.

Na yule kijana mwenzenu aliyechukuliwa na gari lisilo na namba, akarudi baada ya siku tisa haongei. Nawasikia mkizungumza kwa simu. Mmeshaanza kusema ni nani aliyemuuza. Mmeshapata jina. Huenda ni kweli. Lakini nimewaona watu wakipata jina upesi, na nilijua walikuwa wamekosea, na nikawaacha. Mwenye hatia naye huwa hapohapo katikati ya watu, ameshika kitabu, anaheshimiwa. Huenda ndiye anayepiga makofi.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapanga nguo, nilienda kwa Susu nimwambie. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Nikamkuta nje anachambua mbaazi, akaniona, akafurahi. Macho yake yameisha lakini hatua zangu anazijua. Akasema, "Kanini, umekuja kuchukua mbaazi za mtoto." Nikasema, "Ndiyo, Susu." Akanijazia kiondo. Akaniambia, "Mwambie ale vizuri. Mwambie akichelewa kurudi, mimi nitamwitikia." Nikarudi na mbaazi.

Hizo ndizo mbaazi zilizo kwenye begi lako. Ukizipika, ujue zilinunuliwa kwa bei gani.

Kwa hivyo usiniamini. Nimeahidi jambo hili kwa Mungu mara nyingi kuliko nywele za kichwa changu, na kila mara nimerudi na mbaazi. Ninakuandikia ili safari hii niwe na mtu wa kunishika. Kesho ni Jumatano. Wewe utaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili mwethya utakutana kwenye shamba la Susu mwenyewe, kwenye lile tuta ambalo pande la mwanawe limekwama kwenye mwamba. Nitasimama na rejista mpya, nitaita majina, na nikifika kwa Mwende wa Nthenya nitafunga kitabu. Nitawaambia yote niliyokuambia hapa, mbele yake, mbele ya wote. Nikishamaliza nitaoga nipande gari la Emali, nimtafute fundi wa pancha. Wewe usiende kwake, hiyo si kazi yako. Ila ukipata nafasi, lile neno la Wote kuhusu Musyoka lirudishe kwa kipaza sauti kilekile.

Rejista ibaki na wewe. Ikibaki hapa nitaichoma, najijua.

Nasikia sauti yako huko chini njiani, unacheka kwenye simu. Ngoja nimalize.

Emali utawasubiri wenzako mpaka saa tano. Ikifika saa nne, mpigie Susu simu. Mjukuu wake atampa. Muulize swali moja tu, "Mama yangu amesema nini leo?" Akinyamaza, au akilia, au akinitukana, basi nimesema, na wewe panda gari lako uende kazini. Lakini akikwambia, "Hakuna, amesoma majina tu kama kawaida," basi kaa mahali penye kivuli, fungua karatasi hizi, umsomee. Soma polepole, masikio yake siku hizi si mazuri. Msomee yote mpaka mwisho, mwanangu, na usiruke jina langu.

Kanini,
karani